Kengele Haikulia

Jumapili, 2 Machi

Tangi limefurika tena. Tena! Mara ya pili tangu mvua zianze. Jana mchana maji yalishuka mlimani yakaingia kwa mama mmoja fundi cherehani anayekaa chini ya tangi. Ukuta wake mmoja umelala chini. Mwenyewe mzima, namshukuru Mungu. Vitambaa vya wateja vyote ni tope, na cherehani inatema mchanga.

Na aliyekuwa zamu nyumba ya pampu ni mjomba.

Mama kapiga simu kabla sijanawa uso. Analia na kugomba kwa wakati mmoja — hilo analiweza yeye peke yake. Kampuni imemsimamisha kaka yake kazi. Wanasema tangi lilipokaribia kujaa kengele ililia pale pampuni, yeye anakoroma. Kikao cha nidhamu Jumatatu ijayo, tarehe kumi. Wakimwona ana kosa, nje. Na mtu kabakiza mwaka astaafu!

Halafu mama akanigeukia mimi. Eti si wewe ndiye unayeshughulika na hizo kompyuta zao, au wanakulipa kwa kunywa chai?

Ni mimi, ndiyo. Mashine ya tangini inatuma ujumbe, mashine ya pampuni inaupokea, kengele inalia, mjomba anapunguza pampu. Kuhakikisha ujumbe unafika ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo ama mjomba kalala, ama kazi yangu ndiyo iliyolala.

Nimempigia mwenyewe. Kasema neno moja: haikulia. Nikamuuliza, una hakika mjomba? Akakata simu. Mjomba akinuna anainunia familia nzima.

Lakini jamani. Huyu ndiye aliyekuwa akinipeleka shule tunafika mlinzi bado hajafungua geti. Tunasimama nje kwenye baridi, yeye anaangalia saa yake ya mkononi na kufurahi. Huyo leo alale zamu? Siamini. Na sitaamini mpaka nijue ule ujumbe wa jana uliishia wapi.

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika ofisini wa kwanza. Mkuu wa kitengo kaja nyuma yangu, kashika kikombe chake. Sisi tunamwita Zima-Washa, maana dawa yake ya kila ugonjwa ni hiyo hiyo — kizime, kiwashe. Kanikuta tayari ninapekua. Kaniambia nisijichoshe, mfumo mzima. Mbona ratiba za zamu zinafika pampuni? Mbona maagizo ya dawa ya maji yanafika?

Kweli yanafika. Nimetuma ujumbe wa kujaribu — umefika. Wa pili — umefika. Zima-Washa kasimama begani kwangu anapuliza chai. Akasema taratibu, mashine haina udugu. Kumbe anajua ni mjomba wangu! Nimemeza mate. Nilikuwa na jibu zuri sana, nimelimeza pamoja nayo.

Akaondoka. Ndipo nikafungua foleni ya mabaki.

Hii watu wanaisahau. Ujumbe haurushwi kama jiwe. Unaingia kwenye foleni, foleni inaushika mpaka mashine ya upande wa pili iseme nimepokea. Ukishindikana haupotei, unawekwa pembeni, kwenye foleni ya mabaki. Na huko hakuna anayechungulia. Mimi mwenyewe sikumbuki mara ya mwisho.

Hee! Imejaa mpaka mlangoni. Na zote ni za aina moja: tahadhari za tangi kwenda nyumba ya pampu. Ya juzi mchana ipo. Ya lile furiko la kwanza ipo. "Tangi linajaa, punguza pampu." Haikufika hata moja!

Nimepiga meza kwa furaha mpaka dada wa takwimu, jirani yangu wa meza, kamwaga karanga zake. Mjomba hakudanganya. Kengele haikulia kwa sababu hakuna kilichofika cha kuiliza.

Nimekimbia kwa Zima-Washa. Kasoma sababu iliyoandikwa kwenye kila ujumbe: muda umekwisha. Akacheka puani. Tahadhari ya tangi inaishi saa moja tu, baada ya hapo inakufa yenyewe. Makusudi — hutaki mtu azime pampu leo kwa tangi lililojaa jana. Za kawaida, kama ratiba, zinaishi siku kadhaa. Sasa, kasema, tahadhari imekaa kwenye foleni saa nzima bila kupokelewa, maana yake ni nini? Maana yake mjomba wako alizima mashine ili kengele isimharibie usingizi. Ratiba zinasubiri mpaka anaiwasha. Tahadhari zinakufa.

Nilikwenda kumtoa mjomba shimoni, nimemwongezea kifusi.

Sawa. Kesho naenda pampuni mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nyumba ya pampu. Kelele kama kawaida, sakafu inatetemeka mpaka magoti. Zamu kashika mama mmoja aliyeletwa badala ya mjomba, mtu wa maneno machache, kanifungulia na kunipa kiti.

Mjomba anakaa nyumba za wafanyakazi, hapo hapo uani. Haruhusiwi kuingia. Basi kasimama kizingitini, vidole vya miguu viko nje kabisa ya mstari wa mlango, mikono nyuma, na anatoa amri. Usiguse hiyo. Hiyo waya ililegea mwaka juzi nikaikaza mwenyewe. Futa miguu! Mama wa zamu anamwangalia kwa jicho la pembeni, anajikaza asicheke.

Nimekagua kila kitu. Waya ya mtandao — nzima. Umeme — upo, betri ya akiba ipo. Jina la foleni — sawa herufi kwa herufi. Ruhusa ya kupokea — ipo. Nafasi — tele. Saa ya mashine — nikaiangalia pia, maana ujumbe unaokufa kwa muda lazima uangalie saa. Nne na robo. Nilifika saa nne kamili, nikahangaika na waya robo saa. Iko sawasawa. Nikaipitisha.

Kengele nayo nimeibonyeza kwa mkono. Loo! Kunguru wote wa paa wameruka. Mjomba kwa sauti kutoka mlangoni: ile ikilia hata mawe yanaamka, sembuse mimi.

Na nimepata kitu. Mashine inaweka kumbukumbu ya kila inapozimwa na kuwashwa. Haikuzimwa Jumamosi. Haikuzimwa siku ya furiko la kwanza. Haijazimwa kwa wiki nyingi! Nimepiga picha ya skrini. Zima-Washa na hadithi yake ya kuzima mashine, kwisha.

Lakini bado sijui. Mashine inawaka, waya nzima, ratiba zinaingia, tahadhari zinakufa. Kwa nini hizo tu? Kwa nini zile tu zenye maana?

Wakati wa kuondoka mjomba kanisindikiza hadi getini. Akaniuliza bila kuniangalia, je, wewe uliamini nililala? Nikasema hapana. Akasema vizuri. Akarekebisha kola yangu kama vile bado naenda shule.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Nimempa Zima-Washa picha ya kumbukumbu. Kaitazama, kanirudishia. Akamwita dada wa takwimu aniletee "ile nyingine". Dada wa takwimu kaja macho chini. Kazi yake ni kupokea usomaji wa mita unaotumwa na watu wa pampu. Amekuwa akiona jambo, kasema, hakutaka kulisema mbele yangu. Usomaji wa mjomba wa saa kumi jioni unaingia saa nne asubuhi. Wa usiku unaingia jioni. Siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Kila usomaji una saa yake iliyoandikwa na mashine ya pampuni, na saa hiyo haijafika bado!

Anatunga, kasema Zima-Washa. Anakaa asubuhi anaandika siku nzima, kisha analala. Kalisema karibu kwa huruma. Hilo limeniuma kuliko kama angecheka.

Nimempigia mjomba. Nimeuliza vibaya, najua. Nimesema, mjomba, kuna wakati unajaza usomaji kabla? Akasema ameshasoma hiyo mita kabla mimi sijazaliwa, akiwa na homa, akiwa na msiba, na hajawahi kuandika namba ambayo macho yake hayajaiona. Halafu akasema, wewe pia? Akakata.

Wewe pia.

Nimeingia chooni nikalia kidogo. Nimenawa. Nimerudi mezani. Mkutano ni Jumatatu na mimi nina ujumbe mmoja ambao haukufika na mzee mmoja ambaye saa zake haziingii akilini. Siachi. Hata kama jibu ni baya nitalifuata mpaka nilione.

Alhamisi, 6 Machi

Kalamu inaruka! Ngoja nianze mwanzo.

Asubuhi nimemwomba dada wa takwimu kitu kimoja. Usinipe wa mjomba. Nipe usomaji wa yule mama wa zamu, tangu Jumapili alipoanza. Kanuna kidogo, kafungua. Tukaangalia pamoja.

Usomaji wa saa kumi jioni, umeingia saa nne asubuhi. Wa Jumatatu hivyo. Wa Jumanne hivyo — na Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa palepale pampuni! Nilimwona kwa macho yangu anainama kwenye mita, anasoma, anaandika. Hakutunga. Alisoma saa nne, mashine ikaandika saa kumi jioni.

Dada wa takwimu kashika mdomo. Basi na yule mzee… kasema, hakumaliza. Nikamwambia ndiyo, na yule mzee.

Kwa hiyo si mtu. Ni mashine. Inaishi mbele ya wakati wetu. Sasa nikatuma ujumbe wa kujaribu tena, lakini safari hii si wa kawaida — niliupa umri wa tahadhari, saa moja tu. Mjinga mimi, Jumatatu nilijaribu na zile za kawaida zinazoishi siku kadhaa! Nimebonyeza. Kufumba na kufumbua umeangukia kwenye mabaki: muda umekwisha. Saa moja imekwisha ndani ya sekunde! Ujumbe haukukaa kwenye foleni ukingoja mtu aamke. Ulifika mlangoni pale pale, mashine ikatazama saa yake, ikasema wewe umeshapitwa, ikaufukuza. Za kawaida zina umri mrefu, zinapita. Tahadhari hazina.

Saa. Ni saa!

Lakini saa niliikagua. Nne na robo. Na mimi nilikuwa hapo saa nne na robo. Nimezunguka na hilo kuanzia saa tano mpaka mchana, sikula. Saa iko mbele, na saa iko sawa. Nilikaribia kula kalamu.

Jioni dereva wa kampuni kauliza kesho tunaondoka saa ngapi kwenda pampuni. Nikamwambia saa tatu. Nikatoa simu nijiwekee kumbusho. Mdomo unasema saa tatu, kidole gumba kinaandika 9:00.

Nimekiangalia hicho kidole.

Maisha yangu yote kinywa kinasema tatu, mkono unaandika tisa, na sijawahi hata kuwaza. Na Jumanne mashine ya pampuni ilikuwa imeandika 4:15. Nne na robo — kama ninavyosema kwa mdomo! Nikaridhika. Haikutakiwa kuandika nne. Ilitakiwa iandike kumi! Nimeangalia saa mbovu nikaiona nzima kwa sababu inazungumza kama mimi.

Nimecheka peke yangu pale kwenye maegesho mpaka dereva kauliza kama niko salama. Sina mbavu.

Kisha nikaacha kucheka. Maana mashine haijifundishi kusema hivyo yenyewe. Kuna mtu kaifundisha. Na namjua mtu mmoja tu mwenye ugomvi na kila saa isiyomtii.

Ijumaa, 7 Machi

Pampuni. Simu yangu: 9:20. Skrini ya mashine: 3:20. Nimeziweka pamoja nikapiga picha.

Mjomba yuko kizingitini kama Jumanne. Hanisalimii, bado ana donda la Jumatano. Nimemwendea nikamwomba radhi kwanza, kwa magoti, kama inavyotakiwa. Akaguna. Nikamuuliza taratibu, mjomba, nani kaweka saa ya hii mashine?

Kafunguka uso mzima. Mimi! Kwa fahari kabisa. Mpwa wangu, hii mashine ilikuwa haina adabu. Umeme ulikatika mwezi wa kwanza, uliporudi saa ikawa haijulikani iko wapi. Nikawapigia huko ofisini, hakuna aliyekuja. Nikairekebisha mwenyewe. Nikaweka mchana wa siku ile, ikaniandikia saa kumi na tatu. Kumi na tatu! Wewe umeshaiona wapi saa kumi na tatu? Ilikuwa saa saba. Nikatafuta mpaka nikapata pa kuondoa hayo makumi na matatu, ikaandika moja. Bado uongo. Nikabonyeza kishale mpaka ikasema saba.

Kishale cha juu au cha chini, mjomba?

Cha juu. Mimi si mtu wa kurudisha saa nyuma.

Saa sita mbele. Basi. Nimekaa chini, pale pale sakafuni inapotetemeka.

Yeye anaendelea. Na tarehe sasa inageuka jua likizama, kasema, naona hata yenyewe imestarehe. Mama wa zamu kageukia ukutani, mabega yanamruka.

Nikamweleza. Pole pole, kwa mifano ya maji, maana maji anayajua. Kila tahadhari ina saa ya kufa iliyoandikwa juu yake. Inafika pampuni, mashine yako inaangalia saa, inaona imeshapitwa, inaitupa. Uso wake ulikuwa unazimika kidogo kidogo. Mwishoni akauliza, kwa hiyo cherehani ya yule mama… ni mimi?

Ningeweza kusema si wewe. Nikasema ni saa, mjomba. Akasema saa niliiweka mimi.

Kuna kingine. Mashine zote za kampuni zinajiweka saa zenyewe kwa kuuliza seva kuu, mtu hahitaji kugusa. Ya pampuni imezuiwa. Nimefungua mipangilio nione nani kazuia. Akaunti ya Zima-Washa, mwishoni mwa mwaka jana. Bila shaka ilikuwa inamsumbua akaizima, na safari hii hakukumbuka kuwasha. Isingezimwa, mjomba asingepata cha kurekebisha. Nimepiga picha hiyo pia.

Hapo nikakumbuka — Ijumaa! Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, jioni, programu ya Zima-Washa inafuta foleni ya mabaki. Kusafisha, anaita. Tahadhari zangu zote, na sababu zake, zingefutika kabla sijarudi mjini! Nimempigia dada wa takwimu. Sikumaliza kueleza. Kasema ameshazinakili tangu asubuhi, kwenye diski mbili, maana jana hakulala vizuri. Akaongeza nimpe mjomba salamu zake. Nimempa. Mjomba kaitikia kwa kichwa.

Mwisho nikarudisha saa kwa ile ya seva, nikafungua kujiweka yenyewe, nikapiga simu ofisini watume tahadhari ya majaribio.

Ikalia.

Mama yangu! Kunguru, mbwa wa jirani, mlinzi wa geti kaja mbio na fimbo. Mjomba kasimama kizingitini, anaisikiliza mpaka ikanyamaza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Jumapili, 9 Machi

Kwa mama. Chai, ubishi.

Jana Zima-Washa kanipigia simu. Siku ya mapumziko! Sauti laini, jina langu kalitamka kama la mtoto wake. Kasikia nimegundua. Hongera. Sasa ana wazo: ripoti iseme "hitilafu ya mtandao, imerekebishwa". Mstari mmoja. Habari za saa hazina haja, zitawachanganya wajumbe. Habari za mipangilio ya nani kazima nini, nazo hazina haja. Na yeye atazungumza, mzee apumzishwe mapema kwa heshima, hafukuzwi mtu. Anajua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, huyu!

Nikamuuliza, na ule usomaji wanaosema ametunga? Akasema hayo yatafunikwa tu.

Yatafunikwa. Yaani yatabaki chini ya kifuniko, na kila mtu atajua yako hapo.

Nimewaeleza mama na mjomba. Mama anataka tukubali. Anasema heshima gani unayoitafuta mbele ya watu wenye suti, chukua salama yako urudi nyumbani ulime mboga. Ana haki ya kuogopa. Kaka yake mmoja tu. Na nikiandika yote, kasema, si utakuwa umeandika kwa mkono wako kwamba mjomba wako ndiye aliyeharibu mashine?

Ndiyo mama. Ndicho kinachoninyima raha. Ukweli wote unamtoa kwenye usingizi na kwenye uongo, kisha unamrudisha kwa mlango wa nyuma: mzee kagusa asichotakiwa kugusa, nyumba ya mtu ikaanguka. Wanaweza kumfukuza kwa hilo hilo. Na Zima-Washa hatanisamehe, nitahamishiwa kuhesabu mabomba stoo.

Mjomba alikuwa anachokonoa mkate. Kisha akasema, andika. Andika nilibonyeza kishale, andika na mara ngapi. Waniachishe kwa saa. Wasiniachishe kwa usingizi, wala kwa uongo.

Mama kanyanyuka kwenda kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Jana jioni, kumbe, mjomba alikwenda kwa fundi cherehani. Hakutuambia, mama ndiye kaniambia jikoni. Kakaa naye, kamweleza mwenyewe habari za kishale. Yule fundi alimfokea mpaka majirani wakatoka. Kisha akamwuliza kama anajua kujenga ukuta. Leo alfajiri kenda kuanza.

Nimeandika. Yote. Nimeandika mjomba kaweka saa, na kwa nini ilibidi aiweke, na nani kazima. Nimeandika kwamba mimi mwenyewe, fundi, niliikagua hiyo saa Jumanne nikaiona nzima. Nilifikiri kuliacha hilo. Nimeliweka mstari wa juu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia magotini, kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kikao. Mapumziko. Hakuna kilichoamuliwa.

Asubuhi walikaa wajumbe meza ndefu, mwenyekiti katikati, mwanamke mwenye miwani na sauti ya kukata kitambaa. Zima-Washa kaanza. Kasema mzee ni mtu mwema lakini amechoka. Nikatoa ripoti. Alipoona si ule mstari mmoja kanitolea macho mpaka nikahisi joto. Dada wa takwimu kaeleza usomaji, kakiri mbele ya wote kwamba alikosea kumshuku mtu kabla ya mashine. Wamesikiliza kengele niliyoirekodi Ijumaa kwa simu. Usingizi umeanguka, naamini. Uongo nao umeanguka.

Imebaki saa.

Na hapo ndipo tulipokwama. Mwenyekiti hakuelewa. Kavua miwani. Kamuuliza mjomba, wewe mtu mzima, unaipelekaje saa ya kampuni masaa sita mbele usijue umekosea? Ulikuwa hujui kusoma saa? Mjumbe mmoja akacheka. Wa pili akafuata. Zima-Washa akatabasamu kwenye karatasi zake.

Mjomba alisimama. Suti yake ya harusi ya mama, inanuka naftalini, kucha zina saruji. Akasema, mheshimiwa, niliweka saa niliyokuwa naiona. Wakacheka tena, kidogo zaidi. Akakaa. Shingo yake ilikuwa imesimama. Nilitaka kupindua meza.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akasema nitasema baadaye, watu wana njaa. Tupumzike, akasema, tuonane hapa saa nane kamili, msinichelewe.

Wote wakasema haya, saa nane. Viti vikavutwa. Zima-Washa akamkumbusha mjumbe mwenzake, saa nane, tusichelewe. Na katibu, mtu makini sana, akaenda kwenye ubao mkubwa nyuma ya kiti cha mwenyekiti, akachukua kalamu ya wino, akaandika: KIKAO KINAENDELEA 14:00.

Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyeuliza kumi na nne ni nini. Mwenyekiti kasema nane, mkono umeandika kumi na nne, na watu wote wa chumba kile wakaenda kula.

Mimi nilibaki nimesimama naitazama ile namba mpaka mlinzi akaniambia anafunga.

Mama kaleta mihogo ya kukaanga kwenye mkoba, hakuna aliyeigusa. Anauliza kila mara mambo yakoje. Sijui, mama. Kwa kweli sijui. Wanaweza bado kumwachisha. Wanaweza kuniachisha na mimi.

Mjomba amekaa mlangoni tayari, wa kwanza, muda haujafika. Anaangalia saa yake ya mkononi.

Sasa wanarudi, nasikia viatu. Katibu anafungua. Ubao uko pale pale, hawajaufuta. Nitamwomba mwenyekiti ageuze kiti, aisome ile namba kwa sauti, kisha atuambie yeye mwenyewe alituambia tuje saa ngapi.